Rangi Mpya Juu ya Kutu: Mazungumzo kuhusu Kununua na Kutunza Vespa

Mazungumzo haya tuliyatoa katika mikutano na wananchi kisiwani Unguja. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.

 

Hapa mezani pana kipande cha bati, ukubwa wake kama sahani ya chai. Upande mmoja kimepakwa rangi ya buluu, nzuri, yenye kung'aa. Upande wa pili ni kutu tupu, na ukikibana kwa vidole kinakatika kama biskuti. Kipande hiki kilikuwa sakafu ya vespa, mahali ambapo mwendeshaji huweka miguu yake. Kimetoka kwa mwalimu mmoja wa skuli ya upande wa kusini, aliyetupa ruhusa ya kukisimulia kisa chake ila si kulitaja jina lake.

Mwalimu huyo alikuwa amechoka kungojea daladala alfajiri na kufika skuli kengele imeshalia. Jamaa akampeleka kwa mtu aliyekuwa na vespa ya kuuza. Aliambiwa kuwa chombo kimefanyiwa matengenezo yote. Akaiona inameta, akaisikia inanguruma, akalipa fedha alizoziweka kwa miaka miwili. Hakukuwa na karatasi, kwani muuzaji alikuwa mtu wa kujuana. Mwezi wa nne, akikaribia skuli na watoto wakivuka barabara, alikanyaga breki ya nyuma. Wanaozijua vespa za zamani wanafahamu kuwa breki hiyo ni pedali ya mguu, nayo imefungwa kwenye sakafu. Sakafu ikadidimia pamoja na pedali yake. Breki ya mbele na mchanga wa kando ya njia ndivyo vilivyomsimamisha. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna mtoto aliyeguswa, na yeye alichubuka goti na kiwiko.

Sisi hupokea malalamiko ya kila namna. Mwenye friji mbovu hutujia na hasira yake na risiti yake. Mwenye vespa mbovu anaweza kutujia na mguu uliovunjika, au akaja ndugu yake badala yake. Ndiyo maana leo tumeliacha suala la friji.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndani ya jina hilo pana jambo la kumsaidia mnunuzi. Hapa kwetu kila skuta huitwa vespa, hata ikitoka Japani, India au China. Kwa asili jina hilo ni la skuta ya kiwanda cha Piaggio cha Italia, iliyoanza kutengenezwa 1946, na kwa Kitaliana neno hilo maana yake ni nyigu. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki. Pikipiki ina fremu ya mabomba: ukiondoa tangi, siti na injini, fremu hubakia imesimama. D'Ascanio hakuitumia fremu ya namna hiyo. Alilikunja bati la chuma na kuliunga, likawa bodi na chasi kwa wakati mmoja. Vespa ya bati haina mifupa mingine iliyofichwa ndani. Bati lenyewe ndilo mifupa.

Hivyo kutu katika vespa ya bati haifanani na kutu katika mlango wa gari. Mlango ukioza, gari huenda. Sakafu ya vespa ikioza, kinachooza ni kile kinachoishika shingo ya usukani upande wa mbele na injini upande wa nyuma. Nasi tunaishi kisiwani. Upepo wetu una chumvi, mvua za masika hulijaza bati maji, na barabara za ufukweni hurusha mchanga wa bahari chini ya sakafu. Kutu huanzia ndani na chini, mahali pasipoonekana: kwenye maungio ya bati, chini ya mipira ya sakafuni, na pale betri inapokaa. Inapojitokeza juu ya rangi, huwa imeshafanya kazi yake kwa muda mrefu.

Fundi wa rangi aliye mwaminifu hulikata bati lililooza, akaliunga jingine, kisha akapaka. Asiye mwaminifu hujaza matundu kwa puti, akaipiga msasa, akapaka rangi ya buluu. Kwa macho zote mbili ni sawa. Kwa hiyo msitumie macho peke yake. Chukueni sumaku ndogo, hata ile inayotoka katika spika mbovu ya redio, muifunge kwa kitambaa chembamba isije ikakwaruza rangi ya watu, muipitishe polepole juu ya sakafu, kwenye maungio na kuzunguka pedali ya breki. Penye chuma itavuta. Penye puti nene itateleza kana kwamba imewekwa juu ya meza ya mbao. Baada ya hapo ombeni vespa ilazwe kwa ubavu juu ya gunia, muitazame chini yake, na mgonge kwa fundo la kidole. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Muuzaji akikataa sumaku, mshukuruni, mwende zenu.

Skuta nyingi za siku hizi zina bodi ya plastiki juu ya fremu ya mabomba. Huko sumaku haina kazi juu ya bodi. Itazameni fremu kwa chini, khasa pale mabomba yalipoungwa kwa kuchomelewa, na muulize kama plastiki iliyovunjika na kuungwa upya ilivunjika kwa kuanguka. Skuta iliyoanguka vibaya huonekana ikitazamwa kutoka nyuma: gurudumu la mbele na la nyuma hayakai katika mstari mmoja.

Mambo mengine ya kukagua ni mepesi. Iguseni injini kabla haijawashwa. Ikiwa ni ya moto, muuzaji ameitia joto kabla hamjafika, na huenda anajua kuwa asubuhi haiwaki. Inyanyueni sehemu ya mbele, muusukume na kuuvuta uma wa gurudumu. Ukicheza, pana beringi au bushi iliyokwisha. Geuzeni usukani kulia na kushoto, nao usikwame katikati. Na kama hamjui kuendesha, nendeni na fundi mnayemlipa nyinyi, si fundi aliyeletwa na muuzaji. Ujira wake ni mdogo kuliko bei ya injini.

Sasa tuje kwenye karatasi, na hapa mtuvumilie, maana ndipo watu wanapochoka kusikiliza. Kila skuta ina namba ya chasi iliyopigwa kwenye chuma na namba ya injini iliyopigwa kwenye injini. Zote mbili zisomeni nyinyi wenyewe, herufi kwa herufi, mzilinganishe na kadi ya usajili. Namba iliyosuguliwa, iliyopigwa upya kwa mkono au iliyofichwa chini ya rangi nzito ni sababu ya kuondoka, hata bei ikiwa ya kuchekesha. Kisha litazameni jina lililoandikwa kwenye kadi. Ikiwa anayekuuzia si mwenye jina hilo, muulize mwenye jina yuko wapi. Tumewahi kupokea watu waliolipa fedha taslimu kwa vespa ambayo mwenye kadi ameshafariki, na warithi wake wakaja kuidai, kila mmoja na fungu lake. Mnunuzi aliyeingia katika mirathi ya watu hatoki salama. Sehemu ya mwisho ya malipo iwekeni mkononi mpaka siku ya kuhamisha umiliki, na kazi hiyo ifanyweni pamoja na muuzaji, si kwa ahadi ya "kadi nitakuletea".

Wengi hutuambia kuwa wanaona haya kumwandikisha jamaa au jirani. Tunaifahamu haya hiyo, nasi ni watu wa visiwa hivi hivi. Lakini karatasi humlinda muuzaji pia. Skuta yenye jina lake ikimgonga mtu, ni yeye atakayetafutwa, huku mnunuzi akiwa hajulikani aliko. Mwambieni hivyo, na mara nyingi atakuwa wa kwanza kutafuta kalamu. Karatasi yenyewe haihitaji lugha ya mahakamani. Iandike tarehe, majina ya pande mbili na anwani zao, namba za chasi na injini, bei, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na sentensi moja inayoeleza hali ya chombo kama alivyoieleza muuzaji kwa mdomo wake. Ikiwa amesema haina kutu, iandikwe kuwa haina kutu. Mashahidi wawili watie saini.

Mwalimu wetu hakuwa na karatasi. Alipotujia, muuzaji alisema ameiuza kama ilivyo. Kilichomnusuru mwalimu ni simu yake. Kabla ya kununua alimwuliza muuzaji kwa ujumbe kama bati ni zima, naye akajibu kwa maandishi kuwa ni zima kabisa. Kwa ujumbe huo tuliwakutanisha, na muuzaji akakubali kulipia sakafu mpya. Siku alizokosa kwenda skuli, nauli alizolipa na dawa alizonunua hakurudishiwa, na sisi hatukuweza kumpatia. Tunalisema hili waziwazi ili asidhani mtu kwamba taasisi yetu inaweza kurudisha kila kitu. Uwezo wa mnunuzi ni mkubwa zaidi kabla hajatoa fedha, na hupungua sana baada ya hapo.

Tuseme basi mmeipata vespa iliyo nzuri. Kuna makosa machache ya matunzo yanayokula fedha za watu, na moja kati ya hayo tumelifanya sisi wenyewe, tena kwa chombo cha ofisi.

Vespa nyingi za zamani ni za injini ambayo oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Haina hodhi jingine la oili ya kuilainisha pistoni; kinachoilainisha ni kile kilichomo katika petroli. Zilizo nyingi hutaka oili asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa lita tano. Zipo za zamani zaidi zinazotaka zaidi ya hapo, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Oili hiyo iwe ile yenye alama 2T kwenye chupa, si oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Kwa kupimia, nunueni katika duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, bila ya sindano yenyewe, mlifunge pamoja na chupa ya oili na mviweke katika kisanduku cha vespa. Changanyeni kwanza, ndipo mtie tangini.

Mwenzetu mmoja aliishiwa na petroli njiani. Akanunua ya chupa kando ya barabara, akaitia kavu, akaamini kuwa kilichobaki tangini kingetosha. Baada ya kilomita chache injini ililia kwa sauti ya juu, pistoni ikakamata ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma likafunga ghafla. Alikuwa na bahati kuwa aliwahi kufundishwa jambo moja: akaibana klachi papo hapo, gurudumu likaachiwa, akateleza mpaka pembeni akiwa juu ya chombo chake. Tunawaomba wote wanaoendesha vespa za giya walijue hilo kwa mkono, si kwa kichwa. Gurudumu likifunga na injini ikinyamaza, bana klachi. Ukaguzi wa kichwani huchelewa. Ama silinda ile ilichongwa upya na pistoni ikabadilishwa, na aliyekagua hesabu zetu alituuliza maswali ambayo hatukuyafurahia.

Kuna na kosa la upande wa pili. Wapo wanaozidisha oili kwa kudhani ni baraka, na wakaufurahia ule moshi wa buluu. Oili iliyozidi haiungui yote. Huifunika plagi kwa masizi, huziba bomba la moshi, na vespa hukosa nguvu. Kisha mwenyewe humlaumu fundi.

Skuta za kisasa ni kinyume chake: oili hukaa chini ya injini na haichanganywi na petroli kamwe. Kiasi chake kwa kawaida hakifiki lita moja, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kupungua kidogo tu ni kupungua kwingi. Chukueni desturi ya kuichomoa fimbo ya kupimia kila wiki, chombo kikiwa kimesimama sawasawa. Vilevile kuna oili nyingine ndogo nyuma, kwenye giya za gurudumu, ambayo watu wengi hawajui kuwa ipo, na mafundi wengine hawaikumbushi. Na kuna mkanda wa mpira unaozungusha gurudumu la nyuma. Mkanda ukikatika hakuna onyo kubwa: injini itanguruma, skuta haitokwenda. Mtengenezaji ametaja kilomita za kuubadilisha. Ukinunua skuta iliyotumika na hujui historia yake, ufungueni muutazame; ukiona nyufa, ubadilisheni.

Kuhusu breki, tuna jambo moja tu. Wengi wamefundishwa kuiogopa breki ya mbele, eti itawarusha. Chombo kinapopunguza mwendo uzito huegemea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi. Anayeitumia breki ya nyuma peke yake anaitumia iliyo dhaifu, tena kwa mwalimu wetu ndiyo iliyomkimbia. Zoezeni zote mbili kwa pamoja, polepole, katika uwanja mtupu. Penye mchanga au barabara iliyorowa, mkono wa mbele uwe mwepesi.

Tairi za skuta ni ndogo, na tundu la barabarani ambalo pikipiki hulivuka, skuta huingia ndani yake. Pimeni upepo kabla ya safari, tairi zikiwa baridi. Na mnaponunua tairi mpya, tafuteni ubavuni namba nne zilizomo ndani ya duara refu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2316 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama bado ina nywele zake na muuzaji anaapa kuwa imefika juzi. Mpira huzeeka ukiwa rafuni.

Kwa mafundi tuna ombi ambalo halina nia ya kuwavunjia heshima. Spea ikibadilishwa, mwenye chombo aichukue ile ya zamani. Ni mali yake, na kuiomba kwake huondoa shaka ya pande zote mbili. Risiti nayo itenganishe bei ya spea na ujira wa kazi. Nyinyi wenye vespa wekeni daftari dogo chini ya siti: tarehe, kilomita, kilichofanywa, aliyekifanya. Siku ya kuiuza, daftari hilo lina thamani kuliko rangi.

Maji ya kuoshea yawe baridi na ya bomba, si ya bahari, na tumewaona wanaoziosha ufukweni. Baada ya kupita njia yenye maji ya chumvi, mwageni maji chini ya sakafu kabla ya kwenda kulala.

Limebakia suala la kofia. Tathmini iliyochapishwa na Cochrane 2008, iliyokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali, iliona kuwa kofia ya kinga hupunguza vifo vya waendeshaji waliopata ajali kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini hizo ni kofia za kweli zilizofungwa kidevuni. Ganda la plastiki lenye sponji ndani halihesabiki. Moja ya alama za kutafuta ni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba, alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa. Bonyezeni ndani kwa kidole gumba: tabaka gumu la povu liwepo nyuma ya kitambaa. Kofia iliyokwisha kupigwa katika ajali isinunuliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa povu hilo hufanya kazi mara moja tu. Na anayepakia mtoto kwenda chuoni anunue mbili, ile ya mtoto iwe ya kichwa cha mtoto.

Tumesema mengi, na tunawaona vijana wa nyuma wameanza kuzigusagusa sakafu zao. Mwenzetu aliyekaa mlangoni ana sumaku sita zilizofungwa vitambaa. Anayetaka kuijaribu vespa yake aende naye nje, bila ya malipo na bila ya kuandikwa jina. Kipande hiki cha bati tutakizungusha kwenu, mkishike kwa uangalifu, kingo zake ni kali. Sasa tupeni maswali.